Ng'ombe Wangu Walioko Chato

Jumapili, 17 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha jana. Daftari hili kanipa binti yangu Nelly, anayefundisha Shinyanga mjini. Alisema, "Baba, hadithi zako ziandike, masikio ya watu yamechoka." Sikukasirika. Mtu aliyeendesha lori la mgodini miaka kumi na tisa, lori ambalo tairi lake moja ukilisimamisha hapa uani linapita paa, hakasirishwi na mtoto. Lori hilo niliwahi kulishusha shimoni breki zimekata, nikalituliza kwa honi peke yake. Mzungu wetu wa mgodini alilia.

Naitwa Stanslaus. Mwaka jana mgodi ulipunguza watu, nami nikapunguzwa, ingawa walinibembeleza sana nibaki.

Jambo la msimu huu ni moja. Mwigulu, mtoto wa marehemu kaka yangu, anataka kuoa. Binti ni Vumilia wa Ushirombo. Kaka hayupo, kwa hiyo baba ni mimi. Wiki iliyopita tulikwenda kwa baba yake, Mzee Ignas, mtu mfupi anayesikiliza huku akitazama chini kama anayetafuta sindano. Akataja ng'ombe kumi na sita.

"Kumi na sita tu?" nikasema. "Mimi nilijiandaa kwa ishirini."

Mwigulu akakohoa.

"Kumi na sita wanatosha," akasema Ignas. "Ila nasikia kwako kuna mbuzi na kuku. Ng'ombe wako wapi?"

"Wako Chato, kwa watu."

Kuweka ng'ombe kwa watu ni kawaida yetu. Mwenye mali hawarundiki kwenye zizi moja, ugonjwa ukija usimalize wote. Kwa hiyo Ignas aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Akasema niwarudishe nyumbani, nao waje kuwaangalia baada ya mavuno, mwezi wa sita. Hapo ndipo niliposema, "Mwezi wa sita mbali, mkwe. Njooni wa tatu." Hakuna aliyeniuliza. Ulimi wangu una miguu yake.

Naandika hapa mara moja tu, sitarudia. Chato sina ng'ombe. Chato nimepita mara mbili nikiwa ndani ya basi la Biharamulo.

Jumatano, 20 Novemba

Tumelima. Mgongo.

Jumanne, 3 Desemba

Nimekwenda Geita kwenye ofisi ya mfuko. Mfuko wenyewe ni ule wa ziada ambao kampuni ilitukatia kila mwezi, mbali na ule wa kila mtu. Mafao yangu yako humo. Nilikwisha piga hesabu kichwani kwenye basi: yanatoka ng'ombe kumi na sita, wakubwa, na nauli ya kuwaleta.

Dirishani alikuwepo binti anaitwa Zakia, kajitanda vizuri, sauti ndogo. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikamwambia nimekuja kuchukua changu. Akaangalia kwenye kompyuta yake.

"Mzee, unatimiza miaka hamsini na mitano tarehe mbili mwezi wa tano."

"Hiyo ya kanisani. Mwilini mimi nina arobaini."

Hakucheka. "Ukingoja hadi siku hiyo unachukua yote, haikatwi kitu. Ukichukua sasa inahesabiwa kuwa ni mshahara wako wa mwezi mmoja. Na mshahara mkubwa namna hii kwa mwezi mmoja unakatwa kodi ya juu kabisa."

"Mshahara gani, binti yangu? Sina kazi. Nimekaa nyumbani mwaka mzima nakata majani."

"Ndivyo sheria ya mfuko wetu inavyouona."

"Na hela ni yangu mwenyewe."

"Ni yako. Lakini ilipokuwa inawekwa haikukatwa kodi. Waliiacha ipite kwa sababu ulikubali kungoja uzee. Ukiitoa kabla ya uzee, ile kodi waliyoiacha wanaitaka."

"Nilikubali lini?"

Akageuza kompyuta. Nikaona sahihi yangu, ile niliyokuwa naiandika enzi zile na mkia mrefu kama wa kenge. Nikamuuliza, kwa lugha ya mtu aliyeishia la sita, kodi ya juu ni nini. Akafikiri kidogo. "Una ng'ombe, mzee?"

"Wengi. Wako Chato."

"Basi katika kila kumi, watatu hawatafika nyumbani."

Nilirudi na basi la jioni. Jirani yangu kitini aliniuliza natoka wapi, nikamwambia mkurugenzi wa mfuko alikuwa na shida na mimi kidogo, anahitaji ushauri. Nilimweleza hadi Kahama. Nilipomaliza nilikuta amelala, nami nilitamani kulala, ila magoti yalikuwa yanawaka moto.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua. Majaruba, viwanja vyetu vya mpunga, yamejaa maji. Miche ya mpunga kitaluni inasimama vizuri.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nyama kilo moja. Nimewaambia watu kanisani kwamba wakwe wanakuja wa tatu. Sijui kwa nini nawaambia.

Jumatano, 8 Januari

Mke wangu, Apolonia, kaniuliza leo tukiwa jarubani, maji magotini, tukipandikiza miche. Yeye huniuliza mambo pale ambapo siwezi kuondoka.

"Baba Nelly. Ng'ombe wa Ignas watatoka wapi?"

"Kwenye mafao."

"Mafao si mwezi wa tano?"

"Nitayatoa kabla."

"Na ile kodi uliyoniambia?"

Nilikuwa nimemwambia kama kichekesho, kwamba serikali inanionea wivu. Aliendelea kupandikiza, mche baada ya mche. Huyu mwanamke hana hasira, ndiyo maana nachoka naye. Angekuwa anafoka ningejua pa kushika.

"Panda basi kesho," akasema. "Nenda Ushirombo, mwambie Ignas: mkwe, naomba iwe mwezi wa sita kama ulivyosema mwenyewe. Hata usimtajie Chato. Sema njia ni mbovu, mvua nyingi."

"Nitaonekanaje?"

"Utaonekana mtu aliyeomba miezi mitatu."

"Nilisema wa tatu mbele ya wazee watano, Mama Nelly. Nina jina langu."

"Hilo jina nalo litakatwa kodi," akasema, akainama.

Nimeyaandika maneno yake kwa sababu jioni nzima nimetafuta jibu lake na sijalipata. Mimi, niliyewahi kumjibu mkuu wa mkoa hadi akaomba maji.

Ijumaa, 10 Januari

Sikwenda Ushirombo. Mvua.

Jumatatu, 13 Januari

Sikwenda. Basi limeharibika, nasikia.

Jumapili, 19 Januari

Mwigulu amekuja kutoka Nyarugusu. Anafanya kazi kwenye karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na analala kwenye banda la turubai na wenzake sita. Kaleta sukari na khanga ya mama yake mdogo, Apolonia. Vumbi la mawe limeingia kwenye mistari ya viganja vyake, halitoki hata kwa sabuni. Ana miaka ishirini na sita, na mikono ile ni ya mtu wa makamo.

Tulikaa chini ya paa la jiko, mvua ikipiga bati.

"Baba mdogo, kuna jambo."

"Sema, ng'wana wane, mwanangu."

"Mzee Ignas ana shemeji yake Chato, anavua. Kamtuma aulize ng'ombe wako wako kwa nani. Yule bwana kauliza hadi mwalo wa pili wa wavuvi. Hakuna anayekujua."

"Chato ni kubwa."

"Ni kubwa," akasema. Akamimina chai. "Baba mdogo, wale ng'ombe wapo?"

Hapa ndipo ningeweza. Tulikuwa wawili tu. Hata kelele ya bati ingenificha, ningesema na asingesikia vizuri, na ingekuwa nimesema. Badala yake nikamweleza dume langu lililoko Chato, jeusi, lenye pembe pana ambazo watoto wawili wanakalia kila upande, ambalo siku moja lilimvuta mamba kutoka ziwani kwa mkia. Mwigulu alicheka pale pa kucheka. Tangu akiwa mdogo anacheka pale pale, na mimi nilikuwa nadhani anafurahi. Leo nilimtazama wakati anacheka na nikaona ni heshima tu, kama mtu anavyopokea bakuli la uji ambao hautaki.

"Basi sawa," akasema. "Mimi nilisema tu nikuulize. Maana kama hawapo, Vumilia anasema wanaweza kungoja. Hata yeye hana haraka ya kuolewa kwenye matope."

"Wapo," nikasema.

Watu wa pande hizi nimewaambia mambo mengi sana, na sasa jambo la kweli nililonalo ni moja tu, kwamba mafao yangu yapo na yanasubiri mwezi wa tano. Nimeligeuzageuza hili kichwani. Nikimwambia Ignas, atasema hilo nalo ni la mamba. Mtu wa kawaida angesema "nina hela mahali, ngoja" na angengojewa. Mimi sina budi kuonyesha.

Jumanne, 4 Februari

Geita tena. Zakia alinikumbuka.

"Mzee, imebaki miezi mitatu."

"Najua."

"Kuna mgonjwa nyumbani?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na angenihurumia. Nikasema nina mradi mkubwa ambao mashirika ya nje yanauvizia, nisipouwahi leo wanauchukua. Akasema, "Haya," kama Apolonia anavyosema.

"Nisaidie kitu kimoja basi," akasema. "Nitamkie nisikie kama umeelewa. Asije mwanao hapa akasema sikukueleza."

Nikatamka. Kwamba ni hela yangu, kwamba ningengoja ningeipata yote, kwamba nikiichukua leo inahesabiwa kuwa mshahara wa mwezi mmoja na karibu theluthi inakwenda, na haitarudi hata nikifika hamsini na mitano. Nilikuwa sijawahi kutamka maneno mengi hivyo mfululizo bila kuongeza kitu. Yalikuwa mazito mdomoni, kama viazi.

Nikaweka sahihi. Ile ya mkia mrefu siku hizi mkono hauiwezi, nimeandika jina tu.

Jumatano, 12 Februari

Mvua.

Jumatatu, 17 Februari

Mvua. Hela bado. Nimesimama nje kutwa natafuta mtandao kama mtu anayetega kumbikumbi.

Jumatano, 26 Februari

Imeingia. Nilisoma ujumbe mara ya kwanza nikadhani wameituma kwa mafungu, hili ni la kwanza. Nikangoja hadi adhuhuri fungu la pili. Kisha nikamkumbuka Zakia.

Nilikuwa nimeelewa, nilitamka mwenyewe. Lakini kuelewa ukiwa dirishani na kuelewa simu ikiwa mkononi si kitu kimoja. Miaka kumi na tisa. Zamu za usiku, lile vumbi jeupe la shimoni, figo zinauma kwa kukaa. Sasa naweza kuonyesha kwa kidole ni miaka ipi iliyoondoka: ile sita ya mwisho, ambayo magoti yaliharibikia.

Apolonia aliuliza, "Imefika?" Nikasema imefika. Hakuuliza kiasi. Alikwenda kuwafungia kuku.

Jumamosi, 8 Machi

Mnadani. Donatus, dalali wa ng'ombe tunayefahamiana, alinipokea kwa shangwe.

"Stanslaus wa Chato. Unauza leo?"

"Nanunua."

"Wewe? Si unao wengi mpaka unalikopesha ziwa?"

Watu walicheka, nikacheka nao. Kumbe msimu wa mvua ng'ombe ni ghali. Majani yapo, wamenona, hakuna mwenye haraka ya kuuza. Hili hata mtoto wa Kisukuma analijua, nami nilikuwa nalijua, sikuliweka tu kwenye hesabu. Nilisaka kutoka asubuhi hadi matope yakanifika kwenye vifundo vya miguu. Mmoja kwa huyu, wawili kwa yule, jike la mjane mmoja wa Tinde. Nimepata kumi na mmoja.

Donatus aliniambia kwa sauti ya chini, bila utani: "Kaka, ungeningojea hadi wa saba, kwa hela hii ningekupa kumi na wanne."

Zizi tumelijenga na Apolonia, miba na nguzo za mjohoro. Yeye ndiye alikata nyingi.

Jumatano, 12 Machi

Hawatulii. Wanapigana. Yule jike wa Tinde hataki mwingine amsogelee, na dume dogo jekundu linazunguka peke yake kwenye kona likilia. Usiku kucha mlio. Nimewaimbia. Hawanijui.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja. Ignas, kaka yake, shangazi yake Vumilia anayeitwa Martina, na vijana wawili wa kuswaga. Mwigulu alikuwepo, shati jeupe. Apolonia kapika wali na kuku. Nilivaa kofia ya mgodini.

Baada ya kuamkiana "mwangaluka" na kunawa, hawakula kwanza. Ignas alisema twende zizini. Alisimama kwenye miba, mikono nyuma. Hakuhesabu. Wengine walihesabu, nikawasikia wakifika kumi na mmoja na kurudi mwanzo. Yeye alikuwa anatazama tu. Jike wa Tinde alimpiga mwingine pembe ya ubavuni, wote wakaparaganyika, kila mmoja upande wake, mkia juu. Dume jekundu likabaki kona yake.

Ng'ombe waliokua pamoja hukaa kwa mpangilio. Yupo wa mbele, wapo wa nyuma, mama na mwana hugusana. Ukiwafukuza wanakimbilia upande mmoja. Ignas ni mfugaji tangu tumboni.

"Mkwe," akasema, "hawa walikutana lini?"

Nilifungua mdomo. Lilikuja lenyewe, jambo la safari ndefu kutoka Chato, daraja lililobebwa na maji, ng'ombe wakachanganyikiwa. Lilikuwa zuri, limekamilika hadi mwisho wake. Nikamwangalia Mwigulu. Alikuwa tayari ameshaweka uso wake wa kucheka.

"Jumamosi iliyopita," nikasema. "Mnadani."

Nikaona nimalize. Nikawaambia Chato sina ng'ombe, sijawahi. Nikawaambia nilikuwa na mafao, yangekuwa kumi na sita, nikayatoa kabla ya umri nikakatwa kodi.

"Kodi ya nini?" akauliza kaka yake Ignas. "Hela si yako?"

Nikamweleza. Neno kwa neno la Zakia. Niliona kabisa hawaniamini. Martina alimnong'oneza Ignas, na nilisikia: "Kaoa mwingine huko Geita huyu, ndiko walikokwenda watano." Nimesema uongo miaka yote hiyo nikapewa kiti. Leo nasema kweli wananitafutia mwanamke.

Apolonia ndiye aliyeingia. Alikuwa amesimama nyuma na beseni la maji. "Ni kweli," akasema. "Alikatwa. Nimeiona kwenye simu yake akiwa amelala." Akaondoka na beseni lake.

Ignas hakuniambia mimi. Alimgeukia Mwigulu.

"Baba, mimi sina ugomvi. Mtoto wangu anakutaka. Hawa kumi na mmoja nawachukua leo. Watano waliobaki utaleta wewe."

"Nitaleta, mzee," akasema Mwigulu.

"Mkwe," nikasema, "hao watano ni deni langu. Mimi ndiye baba hapa."

Ignas aliniangalia kwa mara ya kwanza machoni. Hakuwa na chuki. Alikuwa na uchovu kama wangu.

"Hapana," akasema. "Wewe sikudai. Nikikudai wewe nitaletewa maneno. Nitamdai kijana."

Kisha tukala. Walisifu wali. Jioni wakawaswaga wale ng'ombe barabarani, ilibidi vijana wakimbie huku na huku, maana kila mmoja alikuwa anakwenda kwao.

Jumapili, 16 Machi

Zizi tupu. Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Harusi Ushirombo, ya kanisani, ndogo. Niliombwa kusema maneno kama baba. Nikasema, "Mwigulu ni mtu wa kazi." Nikakaa. Watu walidhani naumwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Vumilia yuko kwetu, Mwigulu karudi kwenye karasha. Huyu binti anaamka kabla ya Apolonia. Jana niliwasikia jikoni wakihesabu: kwa anachopata Mwigulu, ng'ombe mmoja ni miezi mitano, mvua ikiacha mashine zifanye kazi. Ng'ombe watano basi ni zaidi ya miaka miwili. Atakuwa na mtoto anayetembea.

Nimemwambia Apolonia nakwenda Nyarugusu. Akasema, "Na hayo magoti?" Nikasema nayachukua. Alinifungashia blanketi.

Ijumaa, 2 Mei

Nyarugusu. Leo nimetimiza hamsini na mitano.

Kazi yangu ni kuponda mawe makubwa kwa nyundo kabla hayajaingia kwenye karasha. Unakaa chini, jiwe kati ya miguu. Mwigulu hakutaka, tuligombana siku mbili, mwishowe akanitafutia kibarua kwa mwenye mashine mwenyewe na kipande cha gunia cha kukalia. Malipo ni ya wiki. Ya kwanza nimempa yeye yote, akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, hakusema asante wala hakukataa. Akaiweka mfukoni kwenye zake.

Mvua inaelekea kwisha. Mchana mashine zilizimwa kungoja mafuta, vijana wakakaa kwenye kivuli cha turubai. Mmoja, Adam, mchangamfu, anaponda karibu yangu, akaniuliza, "Mzee, zamani ulikuwa unafanya nini?"

Wengine wakageuka. Watu wa machimbo wanapenda hadithi kuliko chakula. Mwigulu alikuwa amejiegemeza kwenye gunia, nikaona naye kafungua macho.

"Nilikuwa dereva mgodini," nikasema.

Walingoja. Adam akasogea kidogo, akaweka kikombe chini ili asikie vizuri.

Nikavuta jiwe jingine, nikaliweka kati ya miguu.